Mfupa Umeunga, Vena Je? Mwongozo Kamili wa Kutunza Mishipa ya Mguu Baada ya Kuvunjika

Siku hogo, yaani plasta ngumu iliyoushikilia mfupa, linapokatwa, familia nzima hushusha pumzi. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeunga, magongo yanarudishwa kwa jirani aliyeyaazimisha, faili linafungwa. Miezi minane baadaye mguu uleule unaanza kuwa mzito kila jioni. Ukivua soksi, mstari wa mpira umechimba ngozi. Kiatu kilichokutosha asubuhi kinabana ikifika saa kumi alasiri. Juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, ngozi imeanza kuwa ya kahawia. Wengine husema mfupa umerudi kuuma, wengine husema baridi imeingia mguuni. Mara nyingi ni vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo.

Mwongozo huu ni wa aliyevunjika mguu, popote kuanzia nyonga hadi kifundo, na wa anayemuuguza. Tumeuandika tukifikiria Dodoma na majirani zake: jua kali, vumbi la kiangazi, kazi za kusimama kutwa na hospitali ambayo kwa wengi iko mbali na nyumbani. Daktari aliyeuona mguu wako ndiye mwenye neno la mwisho. Kama amekukataza kukanyaga, mazoezi ya kukanyaga yaliyomo humu yasubiri ruhusa yake.

Kilichoharibika ndani

Ateri huleta damu mguuni kwa nguvu ya moyo. Kuipandisha tena ni kazi ya vena, nazo hutegemea misuli ya shavu la mguu. Kila unapokanyaga na kujisukuma kwa vidole, msuli hukaza, huzikamua vena za ndani, na damu hupanda. Ndani ya vena kuna vali, yaani vijilango vinavyofunguka kuelekea juu tu, ili msuli ukilegea damu isishuke tena. Mfumo huo ndio pampu ya mguu, na ili ifanye kazi inahitaji vitu vitatu: vali zinazofunga, msuli wenye nguvu na kifundo kinachokunjika.

Kuvunjika huivuruga pampu hiyo yote. Ukuta wa vena hujeruhiwa na kishindo, ncha za mfupa au upasuaji. Damu huwa rahisi kuganda, kwa sababu mwili unajaribu kuziba jeraha. Na mguu uliofungwa hogo haukamui chochote, hivyo damu hutuama. Hayo matatu yakikutana, bonge la damu huweza kujijenga kwenye vena za ndani, na kuna mabonge yanayojijenga bila maumivu wala uvimbe wa kumshtua mtu. Hatari ni kubwa zaidi wiki za mwanzo na huendelea hadi takribani miezi 3. Kadiri mvunjiko ulivyo juu, karibu na paja au nyonga, ndivyo hatari inavyokuwa kubwa.

Bonge likiyeyuka huweza kuacha makovu kwenye vali. Vali yenye kovu haifungi sawasawa, damu hurudi chini, na mgandamizo kwenye vena za kifundo hubaki juu hata ukiwa unatembea. Maji huvuja kwenye nyama, ndiyo maana mguu huvimba. Chembe nyekundu za damu nazo huvuja, na madini ya chuma yaliyomo ndani yake ndiyo huipaka ngozi ile rangi ya kahawia. Baadaye ngozi hukakamaa, na mkwaruzo mdogo hugeuka kidonda. Katika watu 100 waliowahi kuganda damu kwenye vena za ndani za mguu, kati ya 20 na 50 hubaki na dalili za namna hii, wengi wao ndani ya miaka 2.

Yapo mengine ambayo watu hawaambiwi vya kutosha. Hata kama damu haikuganda kabisa, kifundo kilichokakamaa na msuli uliosinyaa vinatosha kuidhoofisha pampu. Vali zako zinaweza kuwa nzima na bado mguu ukavimba kila jioni. Habari njema ni kwamba kifundo na msuli viko mikononi mwako, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hivyo.

Dalili ambazo hazisubiri asubuhi

Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- Pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, kukohoa damu, moyo kwenda mbio au kuzimia. Bonge linaweza kuwa limesafiri hadi kwenye mapafu, na hali hiyo huua.
- Mguu mmoja kuvimba ghafla ndani ya siku moja au mbili, shavu la mguu kuuma na kuwa na joto kuliko la pili.
- Ukiwa na hogo au bendeji: maumivu yanayozidi na kukataa dawa, yanayokuwa makali zaidi mtu mwingine akivinyoosha vidole vyako, pamoja na ganzi au vidole kuwa baridi. Hapo misuli inabanwa ndani ya mguu, na hufa ndani ya saa chache. Hogo linapaswa kupasuliwa usiku huohuo.

Kipimo cha kuthibitisha bonge ni utrasaundi ya mishipa, inayoitwa Dopla. Hakina sindano wala maumivu. Mjini Dodoma iulizie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wengi bado huiita General, au Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliye Kondoa, Mpwapwa au Kongwa aanzie hospitali ya wilaya, aseme wazi kwamba alivunjika mguu na tarehe aliyovunjika. Sentensi hiyo moja hubadilisha namna daktari anavyoufikiria uvimbe wako.

Wakati hogo liko mguuni

Kuuweka mguu juu ya kigoda hakutoshi. Kigoda huufikisha usawa wa nyonga, na damu bado ina mlima wa kupanda hadi kwenye moyo. Lala chali, weka mito chini ya shavu lote la mguu mpaka kifundo kiwe juu kuliko kifua. Mto mmoja chini ya goti peke yake ni kosa, kwa sababu hukunja vena nyuma ya goti. Kaa hivyo dakika 30, mara 3 au 4 kwa siku. Usiku, inua miguu ya kitanda ya upande wa miguuni kwa tofali zenye kimo cha sentimita 10 hadi 15. Mwenye ugonjwa wa moyo au ateri zilizoziba asifanye hivyo kabla ya kumuuliza daktari.

Kila saa ukiwa macho, kunja na kunjua vidole vya mguu mara 20. Kaza msuli wa paja kana kwamba unalikandamiza goti kitandani, hesabu hadi 5, legeza. Fanya hivyo mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Mguu mzima, yaani ule usiovunjika, nao usisahauliwe: vuta unyayo kuja kwako, usukume mbali, mara 20. Mtu aliyelala kutwa huweza kugandisha damu hata kwenye mguu ambao haukuvunjika.

Kunywa maji. Hewa ya Dodoma ni kavu, na mgonjwa asiyeweza kwenda chooni mwenyewe mara nyingi hujinyima maji ili asisumbue watu. Anayeuguza amwekee chupa karibu na ndoo karibu, na amhakikishie kwamba si usumbufu. Lita 2 kwa siku ni kiasi kizuri kwa mtu mzima ambaye daktari hajamwekea kikomo.

Dawa za kuzuia damu kuganda

Si kila aliyevunjika mguu hupewa dawa hizi. Aliyepasuliwa nyonga au paja, aliyewahi kuganda damu, mwenye saratani, mjamzito au aliyejifungua karibuni, na mtu mzito sana asiyeweza kutembea, huyo aulize mwenyewe kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani: "Daktari, nahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda, na kwa siku ngapi?" Swali hilo ni haki yako. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni naye aseme, kwa sababu huongeza hatari. Kitanzi cha shaba hakiongezi.

Sindano ya enoksaparini ya kinga kwa kawaida ni miligramu 40 mara moja kwa siku. Huchomwa kwenye mafuta ya tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, kulia leo na kushoto kesho. Finya ngozi, ingiza sindano yote wima, sukuma polepole. Ukimaliza usisugue, maana kusugua ndiko huleta madoa makubwa ya damu chini ya ngozi. Kipovu cha hewa kilichomo kwenye sindano iliyojazwa kiwandani kiache kilivyo. Ukikitoa unaweza kumwaga na dawa.

Aliyegundulika na bonge hutibiwa kwa angalau miezi 3. Makosa tunayoyaona hapa yanagharimu uhai. La kwanza ni kuacha dawa uvimbe ukipungua. Uvimbe hupungua mapema, bonge huchelewa. La pili ni kuchanganya na diklofenaki au ibuprofeni za duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya mfupa. Mchanganyiko huo huweza kuleta damu tumboni. Parasetamoli katika kipimo cha kawaida ni salama zaidi. La tatu ni kumeza rivaroksabani, kidonge cha kuzuia damu kuganda, ya miligramu 15 au 20 tumbo likiwa tupu. Isipoliwa na chakula, mwili huichukua kidogo.

Anayetumia warfarini, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, ana kazi ya ziada. Damu yake hupimwa INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, na lengo kwa wengi ni kati ya 2 na 3. Vitamini K iliyomo kwenye mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa, na hapa kwetu mboga ni mlenda, mchicha, majani ya kunde na ya maboga. Huna haja ya kuuacha mlenda. Kula kiasi kilekile wiki hadi wiki. Matatizo huja msimu ukigeuka: mvua zikianza kunyesha Desemba, nyumba iliyokuwa inakula dagaa na maharage inahamia kwenye mboga mbichi kila siku, na INR inashuka bila mtu kujua kwa nini. Mlo ukibadilika, omba kipimo kirudiwe. Na ukiandikiwa Flagili, Septrini au dawa za kifua kikuu, sema kabla hujameza kwamba unatumia warfarini. Mbili za kwanza huipandisha nguvu, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana.

Futi ya fundi cherehani

Hogo likishakatwa, nunua futi ya kitambaa na daftari. Ni kifaa cha bei ndogo kinachoona mapema kuliko macho.

Kaa na mguu umenyooka. Papasa chini ya kifuniko cha goti mpaka upate nundu ya mfupa mbele ya muundi. Pima sentimita 10 kushuka kutoka hapo, weka alama ya kalamu, kisha zungusha futi bila kuikaza. Alama ya pili iwe sehemu nyembamba kabisa juu ya kifundo. Fanya hivyo miguu yote miwili, asubuhi kabla ya kushuka kitandani na jioni kabla ya kulala, mara moja kwa wiki.

Soma namba hizo kwa makini. Tuseme shavu la mguu mzima ni sentimita 36 na la uliovunjika ni 34, ilhali kifundo ni 22 upande mzima na 25 upande wa pili. Mtu akitazama shavu peke yake atafurahi kwamba mguu haujavimba. Ukweli ni kwamba msuli umesinyaa na maji yamekaa chini: pampu imedhoofika. Kwa upande mwingine, shavu la mguu uliovunjika likizidi la pili kwa zaidi ya sentimita 3, hasa kama limeongezeka ndani ya siku chache, usisubiri kipimo cha wiki ijayo, nenda ukapigwe Dopla.

Uvimbe wa jioni unaopungua ukilala ni wa kawaida kwa miezi 3 hadi 6 baada ya mvunjiko, na kwa kifundo unaweza kufika mwaka. Unaopaswa kukushughulisha ni ule unaokukuta asubuhi bado upo, au unaoongezeka mwezi hadi mwezi badala ya kupungua.

Kuirudisha pampu

Anza na kifundo. Watu wengi hukimbilia kutembea wakati unyayo hauwezi kukunjika, wakatembea kwa kuuburuta mguu kama ubao. Kutembea hivyo hakukamui vena.

Kaa chini, nyoosha mguu, pitisha khanga chini ya unyayo usawa wa mizizi ya vidole, vuta ncha zake mbili kuja kwako hadi shavu livutike. Shikilia sekunde 30, rudia mara 4, asubuhi na jioni. Kisha chora namba 1 hadi 20 hewani kwa kidole gumba cha mguu.

Kuna jaribio rahisi la kujua ulipofika. Simama ukitazama ukuta bila kiatu, kunja goti liguse ukuta huku kisigino kimeganda chini. Rudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka goti lisiweze tena kugusa bila kisigino kunyanyuka. Pima umbali kati ya ukuta na kidole gumba. Linganisha na mguu mzima, ambao mara nyingi hufika sentimita 10 au zaidi. Tofauti ya sentimita 1 au 2 inavumilika. Tofauti ya 5 ina maana kifundo bado kimefungwa, na hapo mtaalamu wa mazoezi ya viungo anahitajika kuliko dawa yoyote.

Kifundo kikianza kukunjika, jenga msuli kwa mpangilio huu:

1. Umekaa kwenye kiti, nyanyua visigino, vidole vikibaki chini. Mara 15, seti 3. Ikiwa rahisi, weka mfuko wa unga wa kilo 2 juu ya goti, baadaye kilo 5.
2. Umesimama umeshika ukuta, nyanyua visigino vyote viwili. Panda kwa sekunde 2, tulia 1, shuka kwa 3. Mara 10, seti 3. Kushuka polepole ndiko hujenga msuli. Anayejiachia chini kwa kishindo anapoteza sehemu kubwa ya faida.
3. Panda kwa miguu miwili, shuka kwa ule uliovunjika peke yake.
4. Panda na kushuka kwa mguu uliovunjika peke yake. Lengo ni kufika mara 20 hadi 25 bila kuegemea, ambacho ndicho kiasi cha mguu mzima wenye afya. Wengi huhitaji miezi kadhaa kufika hapo, na hilo lisikuvunje moyo.

Usiruke hatua. Maumivu yanayodumu zaidi ya saa 24 baada ya zoezi yanakuambia urudi hatua moja nyuma kwa wiki nzima.

Kutembea kuanzie dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, kabla jua halijapanda. Ongeza dakika 5 kila wiki hadi ufike 30 au 45. Kisigino kiguse kwanza, unyayo ufuate, vidole visukume mwisho. Ukiona unachechemea, punguza mwendo badala ya kuongeza umbali.

Soksi za kubana na bendeji

Soksi za kubana hupunguza uvimbe na uzito wa mguu. Haziyeyushi bonge na hazichukui nafasi ya dawa. Zinazofaa wengi ni za chini ya goti, zenye nguvu ya mbano ya milimita 20 hadi 30 za zebaki (mmHg), zinazobana zaidi kifundoni na kulegea zinapopanda.

Kabla ya kununua, hakikisha ateri ni nzima. Weka vidole viwili juu ya unyayo, kati ya mfupa wa kidole gumba na wa pili, utafute mapigo. Kisha nyuma ya kifundo cha ndani. Usipoyapata, au kama una kisukari au unavuta sigara kwa miaka mingi, omba wakupime presha ya kifundo na ya mkono. Presha ya kifundo ikiwa chini ya asilimia 80 ya ile ya mkono, usivae soksi wala bendeji ya kukaza bila maelekezo ya daktari.

Pima mguu asubuhi: kifundo sehemu nyembamba, shavu sehemu nene, na urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Soksi ya mtumba ya kubana usinunue hata kama inaonekana mpya, kwa sababu mpira wake umeshachoka na huwezi kujua unabana kiasi gani. Soksi za mpira wa miguu zenye ukanda mgumu juu ni mbaya zaidi: zinabana chini ya goti na kulegea kifundoni, yaani zinaizuia damu badala ya kuisaidia.

Vaa kabla ya kushuka kitandani. Igeuze nje-ndani hadi kisiginoni, ingiza unyayo, hakikisha kisigino cha soksi kimekaa juu ya kisigino chako, kisha ipandishe kidogo kidogo ukiwa umevaa glovu za mpira za kuoshea vyombo, kwani kucha huitoboa. Usiikunje kwa juu. Vua usiku. Fua kwa sabuni laini na uianike kivulini. Jua letu hula mpira haraka. Kuwa na jozi mbili, na badilisha kila baada ya miezi 4 hadi 6. Oktoba na Novemba zinaposhindikana kwa joto, zivae angalau saa zile unazosimama.

Kama soksi haipatikani, bendeji ya kuvutika yenye upana wa sentimita 10 inafaa. Unyayo uwe umekunjwa kama herufi L. Anza kwenye mizizi ya vidole, mizunguko 2. Pitisha kifundoni kwa umbo la namba 8, ukifunika kisigino chote. Kisigino kikiachwa wazi, maji hujikusanya hapo na kuvimba kama yai. Panda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, ukiivuta bendeji nusu ya uwezo wake, ukilegeza kadiri unavyopanda. Ishia vidole viwili chini ya goti, funga kwa plasta. Baada ya nusu saa bonyeza ukucha wa kidole gumba: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ganzi, ubaridi au maumivu ni amri ya kufungua.

Kukanda na kuchua

Hili tunalisema kwa heshima, kwa sababu linafanywa kwa upendo. Mama au bibi anachemsha maji, anaweka chumvi, anaukanda mguu kila jioni. Joto hutanua vena na huongeza uvimbe, na kwa mwenye ganzi huunguza bila yeye kujua. Kuchua shavu la mguu kwa mafuta ni hatari zaidi katika miezi ya mwanzo: kama bonge limo, mikono inaweza kulisukuma lielekee kwenye mapafu. Mguu uliovimba na kuuma usichuliwe kabisa kabla ya kupimwa. Bibi mwenye hamu ya kusaidia apewe kazi ya kushika futi na kuhesabu mazoezi. Hiyo inasaidia kweli.

Kazini na safarini

Mama ntilie, muuza duka na mchuna zabibu wa Hombolo au Mpunguzi wote husimama saa nyingi palepale. Kila dakika 20, nyanyua visigino mara 10 ukiwa hapohapo. Mchana tafuta dakika 15 za kulala miguu ikiwa juu ya ukuta. Mlinzi anayekaa usiku kucha azunguke uzio kila saa. Fundi anayetumia cherehani ya miguu ana bahati, kwa kuwa kukanyaga kunakunja kifundo. Asimame tu mara kwa mara kulipumzisha goti.

Safari inayozidi saa 4 ina hatari yake, na kwa miezi 3 ya mwanzo ni bora iahirishwe kama inawezekana. Dodoma hadi Dar es Salaam kwa basi ni takribani kilomita 450 za kukaa. Chagua kiti cha kando ya njia, shuka kila basi linaposimama, kunja na kunjua kifundo mara 20 kila nusu saa, na mizigo isiwekwe mbele ya miguu. Treni ya SGR, iliyofika Dodoma mwaka 2024, inafaa zaidi kwa mguu wa namna hii, kwani safari yake ni fupi na unaweza kusimama na kutembea ndani.

Kwenye bodaboda pandia upande usio na ekzosi. Shavu la mguu likiungua, ngozi yenye vena mbovu huchukua miezi kupona.

Ngozi ya kiangazi, na kidonda

Kuanzia Mei hadi Novemba ngozi hapa hukauka na kupasuka, na mguu wenye vena dhaifu ndio wa kwanza kuathirika. Osha kila jioni kwa sabuni isiyo na manukato makali, kausha hadi katikati ya vidole, paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Rudia asubuhi. Tibu fangasi wa vidole mapema, kwa sababu mipasuko yake ndiyo mlango wa bakteria. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona wekundu: maambukizi huonekana kama weusi unaong'aa, wenye joto na maumivu, mara nyingi pamoja na homa. Ukienda porini kwenye migunga, vaa kiatu kilichofunika kifundo.

Kidonda kikitokea juu ya kifundo cha ndani, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, nusu lita na kijiko cha chai kisichojaa cha chumvi. Funika kwa shashi safi isiyonata. Usimwage unga wa kapsuli, spiriti wala majivu. Unga wa kapsuli huwasha ngozi na kuzoesha vijidudu dawa. Kidonda cha vena huponywa na mbano sahihi juu ya shashi, pamoja na kuunyanyua mguu. Kisipopungua ndani ya wiki 2, nenda hospitali. Kilichokaa miezi 3 kinahitaji kukatwa kipande kidogo kipimwe, kwa sababu vidonda vya muda mrefu huweza kugeuka saratani. Kitundu kinachotoa usaha juu ya mahali palipowekwa vyuma ni jambo jingine: hicho kinatoka kwenye mfupa, na ni cha daktari wa mifupa siku hiyohiyo.

Miaka inayofuata

Endelea na futi mara moja kwa mwezi hadi mwaka wa pili uishe. Aliyewahi kupata bonge mapafuni, na bado anahema akipanda kilima baada ya miezi 3 ya dawa, arudi akachunguzwe moyo na mapafu.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa lile daftari andika: tarehe uliyovunjika, mfupa uliovunjika, kama kuna vyuma, kama damu iliwahi kuganda na mguu gani, dawa uliyotumia na tarehe uliyoacha. Uoneshe ukurasa huo kliniki ya wajawazito, kabla ya upasuaji wowote, na kabla ya kuandikiwa vidonge vya uzazi wa mpango, hata ikiwa imepita miaka 10.